Kasha la Mifupa na Nyama za Koo: Maswali Yenu Kuhusu Pumzi Inayokatika Usingizini

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: inakuwaje watu wawili wenye uzito mmoja, mmoja alale salama na mwingine pumzi imkatike usiku kucha? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Hayachukui nafasi ya daktari atakayekutazama kinywa na shingo kwa macho yake, ila yatakusaidia kujua umwulize nini.

SWALI: Mume wangu ana miaka 43, kilo 61 na urefu wa mita 1.70. Anakoroma mpaka watoto wamehamia chumba cha uani. Ghafla anakuwa kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Zahanati walituambia huo ni ugonjwa wa wanene, turudi nyumbani. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Si kweli, mama, na pole kwa kurudishwa. BMI ya mumeo, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 21, uzito wa kawaida kabisa. Lakini hayo unayoyaeleza, kukoroma, kimya, kisha kushtuka akivuta hewa kwa nguvu, ndizo dalili hasa za koo kuziba usingizini. Wembamba nao huupata, na kwao mara nyingi chanzo kiko kwenye mifupa ya uso.

Fikiria kasha la nguo. Kasha likiwa kubwa, utapanga nguo nyingi na mkono bado utapita. Likiwa dogo, kanga nne tu zinalibana. Koo ndivyo lilivyo. Kuanzia nyuma ya pua hadi kwenye kisanduku cha sauti, njia ya hewa haina mfupa wala gegedu la kuishikilia wazi. Ni bomba la nyama tupu, linaloshikwa na misuli. Nyama hizo, yaani ulimi, kaakaa laini, kilimi, mafindofindo na kuta za pembeni, zimepangwa ndani ya kasha la mifupa: taya la juu, taya la chini, na pingili za shingo kwa nyuma. Mtu akiwa macho, misuli inakaza na nafasi inabaki. Akilala inalegea, na hapo ndipo ukubwa wa kasha unapojulikana. Shiroh Isono na wenzake wa Chiba, Japani, walipima koo za watu waliolazwa kwa nusu kaputi, misuli ikiwa imelegezwa kabisa, wakaona kwamba mataya madogo na unene vyote viwili hufanya koo lizibe kwa urahisi zaidi. Unaweza kuugua kwa kuzidisha nguo, kwa kupungukiwa kasha, au kwa yote mawili.

Kidevu kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Msuli mkuu wa ulimi umejishika upande wa ndani wa kidevu. Kidevu kikiwa nyuma, ulimi nao unakaa nyuma, na mtu akilala chali unaangukia ukuta wa koo. Taya la juu likiwa jembamba, ulimi unakosa pa kukaa juu, na sakafu ya pua nayo inabanwa.

Mkalishe mumeo penye mwanga, umtazame kwa ubavu. Je, kidevu kimerudi nyuma ya mdomo wa chini? Akiuma meno kwa kawaida, meno ya juu yameyapita ya chini kwa kiasi gani? Milimita 2 au 3 ni kawaida. 6 au zaidi ni dalili ya kuangaliwa. Kisha ainue kichwa nyuma kabisa, upime kwa rula kutoka ncha ya kidevu hadi kwenye kongomeo. Chini ya sentimita 6, yaani takriban vidole vitatu, ni kidogo. Mwisho afungue kinywa na kutoa ulimi bila kusema "aa". Kama kilimi hakionekani na unaona kaakaa tu, nafasi imebanwa.

Mrekodi kwa simu dakika tano akiwa amelala chali, kifua kikionekana, mwende na video hiyo. Ombeni kuonana na daktari wa pua, koo na masikio, au wa magonjwa ya mapafu. Msiombe "daktari wa usingizi", maana katika hospitali zetu huyo ni yule wa nusu kaputi. Kipimo mnachokitafuta hufanyika usiku, hata nyumbani: kibomba puani cha kupima hewa, mkanda kifuani, na kibanio cha kidole cha kupima oksijeni na mapigo. Kinahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni tatizo dogo, 15 hadi 30 la kati, zaidi ya 30 ni kubwa.

SWALI: Naendesha semi kutoka Dar hadi Tunduma. Nina miaka 46, kilo 118, urefu mita 1.74, na presha ninayotumia dawa mbili. Utingo wangu anasema usiku naacha kupumua. Mchana nasinzia kwenye foleni ya mzani. Lakini dereva mwenzangu amenizidi unene na hata hakoromi. Kwa nini mimi? (Dereva, Mbeya)

JIBU: Kaka, tuanze na la haraka: mpaka upimwe na kutibiwa, usiendeshe usiku wala alfajiri, na ukisikia kope zinakuwa nzito egesha gari palipo salama ulale. Kahawa na vinywaji vya kutia nguvu vinakuchangamsha kwa muda mfupi, ila havirudishi usingizi uliovunjwavunjwa usiku kucha. Mwambie tajiri wako ukweli.

Sasa mwenzako. Huenda kasha lake ni pana: taya refu, kidevu kilichokaa mbele, kaakaa pana. Anabeba nyama nyingi na bado hewa inapita. Vilevile mafuta ya mwili hayakai mahali pamoja kwa kila mtu. Yanayoumiza koo ni yale yaliyojificha sehemu tatu.

La kwanza ni ulimi wenyewe. Picha za MRI zilizosomwa Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba kati ya watu wanene, wale wenye ugonjwa huu walikuwa na mafuta mengi zaidi ndani ya ulimi, hasa kwenye shina lake. Ya pili ni kuta za pembeni za koo, ambapo mafuta yanasukuma njia ya hewa kutoka kulia na kushoto. Ya tatu ni tumbo, na hili wengi hawalijui. Kitambi kinapanda na kusukuma juu kiwambo, msuli wa kupumulia uliotenga kifua na tumbo, mapafu yanabaki madogo, na bomba la hewa linaloning'inia juu yake linapanda nalo. Soksi ukiivuta inakaa wima, ukiiachia inajikunja. Koo hufanya hivyohivyo, na kulala chali kunazidisha. Wanaume huweka mafuta shingoni na tumboni, wanawake nyongani na mapajani, ndiyo maana wanaume huwahi kuugua. Wanawake wanawafuata baada ya hedhi kukoma.

Chukua futi ya fundi cherehani upime shingo kwenye usawa wa kongomeo. Halafu jibu haya manane, kila "ndiyo" ni alama moja: unakoroma hadi kusikika nje ya mlango uliofungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una presha? BMI inazidi 35? Umepita miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanaume? Alama 5 au zaidi ni hatari kubwa. Wewe BMI yako ni 39, na kwa ulivyoeleza una 5, au 6 kama unakoroma hivyo, hata kabla ya kupima shingo. (Mama wa Tanga aangalie hapa: mumewe akijibu haya atapata alama chache kwa kuwa ni mwembamba, si kwa kuwa ni mzima. Maswali haya hayaulizi kuhusu taya hata mara moja, na hilo ni pengo lake.)

Kuhusu kupungua uzito: utafiti uliofuatilia watu kwa miaka kadhaa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10 alizidiwa mikatiko ya pumzi kwa takriban asilimia 32, na aliyepungua asilimia 10 alipunguza takriban asilimia 26. Kwako asilimia 10 ni karibu kilo 12. Tuseme kipimo kikionyesha mikatiko 60 kwa saa: ukitoa kilo 12 itabaki kama 44, na hiyo bado ni hatari. Basi punguza uzito, lakini usisubiri upungue ndipo uanze mashine ya kusukuma hewa kooni usiku (CPAP). Vianze pamoja. Presha inayohitaji dawa mbili na bado inasumbua mara nyingi hushikana na ugonjwa huu, kwa hiyo mwambie daktari wako wa presha pia.

SWALI: Nilipigwa picha ya eksirei ya kichwa kwa ubavu. Nikaambiwa mataya yangu yote yametokeza mbele kuliko kipimo cha kawaida, kwa hiyo koo langu lazima liwe pana. Mbona bado nachoka na kuamka na kichwa kinauma? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: "Kawaida" hiyo imetoka wapi? Nyuzi za pembe zinazotumiwa sana, 82 kwa taya la juu na 80 kwa la chini, zilitokana na vichwa vya watu weupe. Waafrika wengi meno na mataya yao hukaa mbele zaidi kiasili, na huo ndio uso wao mzima usio na kasoro. Ukipimwa kwa rula hiyo utaambiwa umezidi, ingawa kwa jamii yako uko katikati, au hata umepungua. Tena, meno kutokeza si sawa na taya kuwa refu. Meno yanaweza kuinama mbele juu ya taya fupi, na midomo minene ikalificha jambo lote.

Uliza mambo mengine kwenye picha hiyohiyo. Urefu wa taya la chini ni kiasi gani? Upana wa njia ya hewa nyuma ya shina la ulimi ni milimita ngapi? Mfupa wa hayoidi, ule mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi usiogusana na mfupa mwingine wowote, uko chini kiasi gani ya taya? Ukishuka sana, ulimi umeshuka nao na bomba la nyama limerefuka, na bomba refu huporomoka kirahisi. Pia ukumbuke kwamba picha imepigwa ukiwa macho, umesimama, misuli imekaza, na inaonyesha mbele na nyuma tu, wala si pembeni. Haiwezi kukuambia kwamba huna ugonjwa. Kipimo cha usiku ndicho kinachoamua.

Mizani ya mifupa na mafuta hutofautiana kati ya jamii na jamii. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa Wachina wa Hong Kong na wazungu wa Australia wenye ugonjwa wa kiwango sawa: Wachina walikuwa na kasha dogo zaidi la mifupa, wazungu walikuwa wanene zaidi. Wamefika palepale kwa njia mbili.

SWALI: Mwanangu ana miaka 7. Analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma, anakoroma, anakojoa kitandani na jasho linamtoka. Mchana hasinzii, bali hatulii hata kidogo. Uso unazidi kurefuka na meno yamebanana. Daktari anataka kumtoa mafindofindo na nyama za puani. Nikubali? (Mama, Unguja)

JIBU: Dada, kwa mtoto wa umri huo mwenye dalili hizo, upasuaji huo ndio tiba ya kwanza, na kwa wengi huleta nafuu kubwa. Kutotulia mchana ndiyo sura ya usingizi mbovu kwa watoto. Wao hawasinzii kama sisi. Na kwa mtoto, hata mkatiko mmoja kwa saa unahesabika kuwa si kawaida.

Uso kurefuka una sababu yake. Pua ikiziba, mtoto anapumua kwa mdomo. Mdomo ukiwa wazi, ulimi unashuka chini na hauligusi tena paa la kinywa. Paa hilo linahitaji shinikizo la ulimi ili lipanuke. Likilikosa, mashavu yanalibana, linakuwa jembamba na refu kama paa la msonge, na meno yanapandana. Taya la chini nalo linakua kuelekea chini na nyuma badala ya mbele. Kwa hiyo nyama za leo zinajenga kasha dogo la kesho. Hilo ndilo linalotufanya tusihimize kungoja "atakua yataisha", endapo dalili ni hizi ulizotaja.

Kabla ya upasuaji, sema mambo matatu bila kuulizwa: kama ana selimundu, kama ni mnene, na kama amewahi kuonekana midomo ikibadilika rangi usiku. Mwenye mojawapo ya hayo, na mtoto wa chini ya miaka 3, alale hospitalini usiku wa kwanza akiwa amefungwa kipima oksijeni, kwa sababu koo huvimba na dawa za nusu kaputi hulegeza misuli. Na ushike hili: asipewe dawa ya maumivu au ya kikohozi yenye kodeini. Miili ya baadhi ya watoto huigeuza haraka kuwa mofini na kusimamisha pumzi. Marekani walitoa onyo kali mwaka 2013 baada ya vifo vya watoto waliotolewa mafindofindo, na mwaka 2017 wakaizuia kwa wote walio chini ya miaka 12. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo cha uzito wake, zinatosha kwa wengi; daktari wako ndiye atakayechagua.

Miezi miwili au mitatu baadaye mrekodi tena akiwa amelala. Kama bado anakoroma na kaakaa ni jembamba, muulize daktari wa meno anayepanga meno na mataya kuhusu kifaa cha kupanua taya la juu. Kina skrubu katikati inayozungushwa kwa ufunguo. Kila robo mzunguko hupanua takriban robo milimita, na wazazi huuzungusha nyumbani mara moja au mbili kwa siku kwa wiki chache. Hufanya kazi kwa sababu mshono wa katikati ya kaakaa la mtoto haujafunga. Kijana akishabalehe kabisa, kupanua huko kunaweza kuhitaji upasuaji.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 19. Alianguka kutoka kwenye mwembe akiwa na miaka 5, akagonga kidevu. Kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa penseli, kidevu hakikukua, na sasa analala ameketi. Ni mwembamba sana. Je, akifunguliwa kinywa atapona pumzi pia? (Kaka mtu, Kigoma)

JIBU: Pengine hapana, na ni muhimu mlijue kabla ya kisu. Kiungo cha taya mbele ya sikio kiliganda baada ya kuvunjika. Maambukizi ya sikio nayo huweza kukigandisha hivyo. Kichwa cha mfupa pale ndicho kinachosaidia taya la chini kurefuka utotoni. Kikiharibika mapema, taya linabaki la mtoto ndani ya uso wa mtu mzima, na ulimi wa mtu mzima unakosa pa kukaa. Kasha lake ni dogo mno, hata mwili mwembamba unalijaza.

Kuachanisha kiungo kutamrudishia kinywa, lakini taya litakuwa fupi vilevile, na koo litaendelea kuziba. Linahitaji kurefushwa. Njia mojawapo ni hii: mfupa wa taya unakatwa pande zote mbili, unafungiwa kifaa chenye skrubu, unaachwa takriban siku 5, kisha unavutwa milimita 1 kwa siku. Mfupa mpya unajijenga kwenye pengo. Urefu ukitosha, kifaa kinaachwa wiki 8 au zaidi mpaka mfupa ugumu. Madaktari wengi hupenda kurefusha taya kwanza wakati mgonjwa ana shida kubwa ya pumzi, ndipo kiungo kifunguliwe. Mwombeni afanyiwe kipimo cha usiku kabla ya lolote.

Kumlaza kwa nusu kaputi ni hatari, maana kinywa hakifunguki kupitishia bomba. Aende hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji wa mataya, na mtaalamu wa nusu kaputi anayeweza kupitisha bomba puani kwa kamera mgonjwa akiwa macho. Baada ya kufunguliwa kiungo, mazoezi ya kupanua kinywa kila siku kwa miezi mingi ni lazima. Asiyefanya, kiungo huganda tena. Yanauma, na familia ndiyo inayomsukuma.

SWALI: Nimepewa mashine ya CPAP. Barakoa inavuja, kinywa kinakauka, umeme unakatika. Nimeiweka juu ya kabati. Nina kidevu kidogo, ikisaidia kujua. (Mwalimu, Mwanza)

JIBU: Inasaidia sana, mwalimu. Mashine hii, aliyoianzisha Colin Sullivan huko Sydney na kuitangaza mwaka 1981, hupuliza hewa inayolishikilia koo wazi kama upepo ndani ya tanga. Tatizo la watu wa kidevu kidogo ni barakoa kubwa inayofunika pua na mdomo: mikanda yake inasukuma taya nyuma, yaani inaziba kile inachojaribu kufungua. Omba ya pua peke yake. Kama pua imeziba, itibiwe kwanza, kwa sababu kinywa kikikauka, maana yake hewa inaingia puani na kutokea mdomoni.

Kaza mikanda ukiwa umelala, mashine ikipuliza, si ukiwa umeketi. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Mtu anapoona uvujaji hukaza, mto wa barakoa unajikunja na uvujaji unazidi. Jaribu kulegeza kidogo, uinue barakoa usoni, uiache ijipange. Ndevu na mafuta ya kupaka huvujisha. Osha mto wa barakoa kila siku kwa sabuni laini, na angalia kichujio kila wiki, maana vumbi letu halina huruma. Tangi la maji liwekwe maji yaliyotoneshwa, yamwagwe kila asubuhi.

Umeme ukikatika hutakosa hewa: barakoa ya pua inakuacha upumue kwa mdomo, na ile kubwa ina vali inayofunguka. Ukitumia betri, zima kipasha maji, kwani ndicho kinachokula umeme mwingi. Usiku wa giza bila betri, lala ubavu na uinue kichwa cha kitanda.

Kama mashine ni ya mtumba, tafuta namba yake. Mwezi Juni 2021 Philips iliita zirudi mashine nyingi kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele ilikuwa inameguka. Na usikubali saa 4 ziwe lengo lako. Hizo ni kiwango cha chini ambacho wengi hukitumia kuhesabu kama mtu anaitumia mashine. Koo lako linaziba usiku mzima, hasa alfajiri.

SWALI: Siwezi kabisa barakoa. Kifaa cha mdomoni au upasuaji wa mataya, kipi bora? BMI yangu ni 26, kidevu kiko nyuma, mikatiko 28 kwa saa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa mtu mwenye umbo lako, anza na kifaa. Ni vipande viwili, vya meno ya juu na ya chini, vinavyolivuta taya la chini mbele unapolala. Unahitaji meno imara, kama 8 au zaidi kila taya, na ufizi mzima. Fundi mzuri huanza kwenye nusu hivi ya umbali unaoweza kusukuma kidevu mbele, kisha anaongeza kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Akianza mbali, kiungo cha taya kitakuuma na utakiacha. Mate mengi na meno kuhisi hayakutani asubuhi ni kawaida kwa muda. Baada ya miaka, meno yanaweza kuhama kweli. Vile vya kuchemsha na kuuma vinavyouzwa mitandaoni vinalegea na havirekebishiki vizuri. Na kukoroma kukiisha usidhani umepona: rudia kipimo cha usiku ukiwa umekivaa.

Upasuaji wa kusogeza mataya yote mawili mbele, kwa takriban milimita 10, ndio unaolikuza kasha lenyewe. Kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, zaidi ya wanane kati ya kumi hupata mafanikio, ingawa si wote mikatiko inashuka chini ya 5. Gharama yake ni vyakula laini kwa takriban wiki 6, uso kubadilika, na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu inayoweza kubaki kwa baadhi. Ukipendekezewa kukatwa kilimi na kaakaa peke yake, uliza kwa nini. Kwa mtu ambaye ulimi ndio unaoziba, kupunguza kaakaa ni kufungua mlango ambao haukuwa umefungwa.

SWALI: Huku watu wanachoma sindano za kupunguza uzito. Kaka yangu ana mashine ya hewa na anataka kuiacha akianza sindano. Ni sawa? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Asiiache bado. Tirzepatide, mojawapo ya sindano hizo, ilijaribiwa kwa watu wanene wenye mikatiko kama 50 kwa saa. Matokeo yalitoka mwaka 2024: baada ya wiki 52 ilishuka kwa 25 hadi 29, wakati waliopewa sindano bila dawa walishuka kama 5. Mwezi Desemba mwaka huohuo Marekani ikaiidhinisha kwa wanene wenye ugonjwa wa kati na mkubwa. Ni habari njema kweli. Lakini 50 ukitoa 27 ni 23, na 23 bado inahitaji tiba.

Sindano inapunguza nguo, hairefushi kasha. Mtu mwenye taya kubwa aliyenenepa anaweza kupona kabisa. Mwenye taya dogo atapata nafuu, kisha mifupa itamzuia. Wastani hautakuambia kaka yako yuko upande gani, kipimo ndicho kitakachosema. Aendelee na mashine, na kila uzito ukishuka kwa asilimia 10 aombe presha ya hewa iangaliwe upya, maana inaweza kuwa imezidi na kuanza kumkera. Uzito ukitulia, arudie kipimo cha usiku bila mashine. Akiacha sindano uzito hurudi kwa wengi, na koo nalo. Siku akihitaji upasuaji wowote, hata wa jino, amwambie mtaalamu wa nusu kaputi mambo mawili: kwamba pumzi humkatika usingizini, na kwamba anatumia sindano hiyo, kwa sababu inachelewesha chakula kutoka tumboni na mtu anaweza kutapika akiwa amelala.